Siku moja ya dalali: nyumba yenye mshono

Nikiulizwa msibani au harusini nafanya kazi gani, najibu "nauza nyumba". Nikitamka neno dalali mkono wa mtu unakwenda kwenye pochi. Siwalaumu. Dar es Salaam kila mwenye simu na picha tatu za sebule ni dalali, na wapo waliouza kiwanja kimoja kwa watu wanne. Lakini juzi nilishinda kwenye nyumba moja tu, tangu asubuhi mpaka giza linaingia, na siku ile nimeona niiandike, muone tunavyoshinda kabla hamjatuita vishoka.

Saa 11 na nusu alfajiri. Jumbe 23 kwenye simu, nyingi zina maneno mawili: "Bado ipo?" Nusu ya waulizaji ni madalali wenzangu wanaotaka picha waziweke kwenye status zao na kuongeza cha juu. Nimejibu watatu, nimemwamsha mwanangu, nimechemsha chai.

Saa 1 na nusu nashuka daladala Barabara ya Bagamoyo, bajaji inanipandisha kilima cha Salasala. Mlinzi ananiamkia, ananipa funguo.

Nyumba yenyewe niieleze vizuri, maana ndiyo habari yote. Ilianza mwaka 1997 na vyumba vitatu, sebule na kajiko. Mwaka 2008 mzee mwenye nyumba akaongeza upande wa nyuma: chumba cha masta, jiko kubwa, sebule ya pili. Mwaka jana, alipoamua kuuza, akaifumua tena: jipsamu darini, marumaru sakafuni, madirisha ya alumini, bati la msauzi, peving mpaka getini. Ukisimama nje utadhani imejengwa kwa mkupuo mmoja. Ukiingia ndani unaanza kuhesabu nyumba mbili. Uani kuna mwembe, na korido ya kwenda nyuma inapinda kama kiwiko kwa sababu mzee alikataa mwembe ule usikatwe. Fundi alitaka anyooshe ukuta, mzee akamwambia apindishe.

Yeye na mkewe wamehamia Same. Bei ni milioni 290. Nikiuza napata asilimia tatu, na nusu yake inakwenda kwa dalali aliyeleta mteja. Nisipouza sipati kitu. Siku hiyo ilikuwa mara ya 14 kuitembeza, na sitozi hela ya kuonyesha nyumba kama wengine.

Asubuhi ni kazi ya kufungua. Madirisha yote, maana nyumba iliyofungwa wiki nzima ina harufu inayomwambia mteja kuna tatizo hata kama halipo. Mabomba yote, yatoe maji yenye kutu kabla mtu hajanawa. Naangalia uniti za umeme za LUKU zisije zikaisha, feni zikasimama mteja yuko sebuleni. Nafagia majani ya mwembe. Kisha nasogeza kabati.

Kabati hilo mzee ndiye aliyeliweka, kwenye kona ya korido, mbele ya ufa. Aliniomba nisiliguse. Mimi nalisogeza kila mara, si kwa utakatifu. Mteja akiugundua ufa mwenyewe anapunguza milioni 50. Akioneshwa na dalali anapunguza kumi, na mengine unayomwambia anayaamini.

Saa 3 akaja kijana na mchumba wake. Wakapiga picha kwenye ngazi za baraza, wakapiga nyingine bafuni kwenye kioo, wakauliza bei, wakashukuru. Dakika kumi na mbili. Najua hawatanunua, lakini watu wa namna hiyo huzeeka, wakapata hela, wakakumbuka namba.

Mteja mkubwa alisema saa 4 kamili.

Saa 4 na nusu "tupo njiani". Saa 5 "tunatoka sasa hivi". Saa 6 simu haipokelewi. Huwezi kuondoka, maana ukifika tu barabarani ndipo wanapiga honi getini. Huwezi kula, maana wali wa mama ntilie unanukisha jiko unalotaka kuliuza. Nilikaa chini ya mwembe na mlinzi tukagawana mihogo ya kukaanga.

Walifika saa 7 kasorobo. Kaka mmoja wa makamo, mkewe, fundi wao mwenye futi kamba kiunoni, na dada mkubwa wa huyo kaka, ambaye yupo Muscat, kwa hiyo alifika ndani ya simu.

"Nigeuzie juu nione dari."

Kaka akageuza juu.

"Si hapo. Pembeni. Pale panapong'aa."

Ni taa, dada. Mtandao ukakatika. Ukarudi. Tukaanza tena sebuleni. Ulikatika mara sita, na kila ukirudi alitaka tuanzie getini kwa sababu "ramani imempotea". Nimeonyesha geti lile mara nyingi siku hiyo kuliko mlinzi anavyolifungua kwa mwezi. Alitaka kujua marumaru ni za wapi, kwa nini masta haina bafu la kulala, kwa nini baraza ni dogo. Kaka alikuwa anajibu yeye kama ndiye aliyejenga, anakosea, mimi nasahihisha polepole nisimvunjie heshima mbele ya mkewe.

Mkewe hakusema neno kwa saa nzima. Alikuwa anafungua makabati ya jikoni moja moja na kuyafunga. Wenye hela huongea, mwenye kuishi humo huangalia. Nikamsogelea. Akaniuliza maswali matatu tu: nguo zinaanikwa wapi, moshi wa mkaa ukipikia nje unaingilia dirisha gani, na mvua ikinyesha maji ya jirani wa juu yanapita wapi. Katika watu 14 ni yeye wa kwanza kuuliza hilo la maji. Nikampeleka nyuma nikamwonyesha mfereji ambao mzee aliuchimba na kuujengea mwaka 2009, baada ya masika moja kuingiza maji mpaka kwenye jiko jipya. Akainama akaangalia kina chake. Akaitikia kwa kichwa kidogo. Lakini wa kuamua ni wifi yake aliyekuwa kwenye simu, maana pesa ni ya wifi.

Fundi naye alikuwa mtu wa vitendo. Aligonga kuta kwa konzi akisikiliza. Alichukua chupa ya maji ya kunywa akamwaga kwenye marumaru ya masta, sote tukasimama tukitazama maji yanaelekea wapi kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Yakaelekea ukuta wa nyuma. Akacheka puani.

Chumba cha katikati ndipo kaka alipokasirika. Zamani dirisha lake lilitazama uani. Mzee alipoongeza nyumba, uani pakawa korido, na dirisha likabaki lilipo, na nondo zake. Ukilala humo mchana ni kama usiku, na ukikaa kitandani unawaona watu wakipita kwenda jikoni. "Hii ni mahabusu," akasema. Simu nayo ikasema, "Nini? Sioni. Washa taa." Taa ilikuwa inawaka.

Kisha korido, kona, ufa. Sikungoja. Nikamwambia fundi, "Hapa ndipo nyumba mbili zinapokutana." Ufa unashuka tangu juu mpaka usawa wa kiuno. Fundi akachomoa sarafu ya shilingi mia akajaribu kuichomeka, haikuingia. Akajaribu kadi ya benki, ncha ikazama kidogo.

Nikawaeleza ninavyojua, na najua kwa kuwa nilimtafuta msaidizi wa fundi aliyejenga. Nyumba ya mbele ilikuwa na miaka 11 ilipoongezwa, ilishashuka ikatulia. Kiwanja kina mteremko, ile ya nyuma ikawekwa juu ya kifusi, nayo ikaanza kushuka kwa wakati wake. Aliyeunganisha hakufunga nondo kati ya ukuta na ukuta, alipanga tofali akapiga plasta. Mwaka jana waliufungua mshono wakaweka wavu na plasta mpya. Masika yakaja, mstari ukarudi, mwembamba kuliko wa kwanza. Hautaiangusha nyumba, lakini kila atakayepaka rangi hapo atapaka tena.

Fundi akasema, "Mama amesema kweli." Ningeomba aniandikie.

Kaka akapunguza milioni 40 palepale. Nikamjibu mzee hatakubali, ila tukae tuongee karatasi.

Hapo sasa sikumbuki saa. Jua lilikuwa limehamia upande wa jiko na njaa ilishapita. Tulikaa barazani. Kaka akasoma nakala ya hati mstari kwa mstari kwenye simu kwa dada yake. Miaka 33 kuanzia 1996. Kimya. Halafu sauti ya Muscat: "Kwa hiyo inaisha 2029? Tunauziwa miaka ya kuhesabu vidole?" Hili nalirudia kila wiki na sichoki, ingawa siku hiyo nilichoka. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini tu, sisi tunamilikishwa muda: kuna hati za miaka 33, 66, 99. Ukikaribia kuisha unaomba kuongezewa. Pango la ardhi limelipwa kila mwaka, risiti hizi hapa. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Ridhaa ya mama mwenye nyumba hii hapa kwa maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu baba kuuza nyumba ya familia kwa sahihi yake peke yake. Na kabla ya kutoa hata shilingi, nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi wa hati, msiniamini mimi.

"Jina langu litaandikwa wapi?" dada akauliza. Ana pasipoti ya Oman. Nikamwambia kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi huku isipokuwa ya uwekezaji, kwa hiyo hati itasoma jina la kaka yake. Kaka akatazama peving. Mkewe akatazama mwembe. Hapo pana ugomvi wa miaka kumi ijayo ambao si wangu.

Wakati mke anaomba kuona jiko tena, kaka alimvuta mlinzi pembeni. Nilijua. Namba ya mzee, wamalizane bila mimi. Mlinzi, Mungu amzidishie, akamwonyesha kwa kidole: namba ni ya yule mama pale. Kaka akarudi akitabasamu akasema eneo zuri, lina hewa. Akatazama uani. "Huu mwembe tutautoa, hapa panaingia magari matatu."

Waliondoka jua limeshazama. Nikafunga madirisha, mabomba, milango tisa. Nikarudisha kabati mahali pa mzee.

Bajaji hazikuwepo, nikateremka kwa miguu viatu mkononi. Kwenye daladala nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua. Ni yule mke. "Dada, ule ukuta wa chumba chenye giza, upande wa mwembe, unaweza kutobolewa dirisha?" Nikamjibu kesho saa 3 narudi na fundi wangu aupime.

Saa 3 usiku mzee akapiga, kama kila siku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wanafikiria."

"Wote wanafikiria." Akakohoa. "Ufa waliuona?"

"Waliuona mzee. Niliwaonyesha."

Akanyamaza nikadhani mtandao umekatika.

"Na mwembe? Wamesema wataukata?"

"Hawakusema kitu mzee. Waliupenda kivuli."