Tarehe 29, Dar es Salaam: siku moja maishani mwa repu wa dawa

Saa 11:20 alfajiri

Simu imeanza kutetemeka kabla sijanyanyua kichwa. Ni grupu la kazini. Ofisi ya taifa imetuma jedwali lenye majina yetu wote, tageti ya kila mtu, mauzo na asilimia. Walio chini ya 80 wamepakwa rangi nyekundu, na mimi nimo. Chini yake bosi wa mauzo wa nchi ameandika: "Siku mbili zimebaki. Sitaki hadithi." Wenzangu wanajibu "tumepokea bosi", "pamoja sana bosi". Nami najibu "tumepokea bosi", kisha naingia kuoga.

Kwa msioijua kazi hii: repu hamuuzii mgonjwa dawa. Nazunguka kwa madaktari na wafamasia, naeleza dawa za kampuni yangu, na kuhakikisha zipo kwenye shelfu daktari akiziandika. Nina stashahada ya famasia, mkoba wenye vipeperushi, na eneo la Ilala na Temeke.

Saa 1:10 asubuhi, Ubungo

Foleni. Hakuna cha kusimulia.

Saa 2:00 asubuhi, Buguruni

Mama Kanda, ndivyo tunavyomwita meneja wetu wa kanda, ananisubiri mbele ya duka la vipuri. Leo anafuatana nami kutwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekunywa chai?"

Bado. Basi tunakunywa kwanza, chai na chapati, na hapo ndipo linapokuja swali lake, lile lile la kila akija: "Wapi dawa imeisha, na wapi imelala?"

Mtangulizi wake hakuwahi kuuliza hivyo. Yeye tulimwita Mzee wa Namba, ingawa nilimzidi umri. Salamu yake ilikuwa "uko ngapi?", na ukitaja asilimia yako anakata simu. Sio kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa repu hodari kuliko wote kanda nzima, ndiyo maana wakampa umeneja, na nadhani hapo ndipo kampuni nyingi za dawa zinapojikwaa: zinampoteza muuzaji mzuri na kupata msimamizi asiyejua kumsubiri mwenzake ajifunze. Kila aliposhindwa kutusubiri, aliuza yeye mwenyewe badala yetu.

Sasa nieleze mchezo wa mwisho wa mwezi, maana bila huo hamtaelewa kwa nini swali la Mama Kanda ni zito. Kampuni yetu inahesabu mauzo pale dawa inapotoka ghalani kwenda kwa muuzaji wa jumla. Haijalishi kama kuna mtoto aliyeinywa. Basi tarehe 28, 29, 30, Mzee wa Namba alikuwa anawapigia wauzaji wa Kariakoo: "Mzee wangu, nichukulie katoni 20, lipa baada ya siku 60, zikikaa nitazirudisha." Katoni zinapakiwa, namba inapanda, jedwali linageuka kijani, bonasi inatoka. Mwezi unaofuata muuzaji haagizi kitu kwa sababu ghala lake limejaa, na wakati huo huo tageti yangu imeshapandishwa kwa kuwa "mwezi uliopita uliweza". Nauza kidogo, najazwa tena mwisho wa mwezi, na deni linazidi kukua kwenye karatasi huku dawa ikizeeka kwenye katoni. Meneja anayelijua hili akalinyamazia ameamua kukulipa leo kwa hela yako ya kesho. Tena yeye hatakuwepo kesho: Mzee wa Namba alishahama, na tumesikia huko alikokwenda wamempandisha cheo.

Saa 3:15 asubuhi, zahanati moja Vingunguti

Tunakaa benchi moja na wagonjwa. Hili Mama Kanda halijadili: mgonjwa kwanza, repu baadaye, hata daktari akituita kwa jicho.

Zamu yetu inafika karibu saa nne. Daktari ananipokea kwa kicheko: "Haya, mmekuja na dawa yenu ya friji."

Anazungumzia syrup yetu ya watoto, antibayotiki ya amoksilini iliyochanganywa na klavulanati. Nyumba nyingi za wagonjwa wake hazina friji.

"Ni kweli dokta," namwambia. "Ikishachanganywa na maji inatakiwa ikae kwenye ubaridi, na baada ya siku 7 inayobaki imwagwe. Nyumba isiyo na friji usiwaandikie hii. Mtoto mwenye nimonia ya kawaida, hata WHO inaanza na amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, havihitaji friji."

"Na hivyo vidonge mnavyo?"

"Hatuna."

"Sasa leo umekuja kuniuzia nini?"

Namweleza: sikio la mtoto lililogoma kupona kwa amoksilini ya kawaida, na mzazi ana friji, hapo anikumbuke. Anaandika kitu kwenye daftari lake. Hatujamaliza hata dakika tano.

Mama Kanda kakaa kimya muda wote, mikono juu ya mkoba. Chumba hiki hiki, swali hili hili, Mzee wa Namba aliwahi kunikata maneno na kumwambia daktari, "Mwambie mama aiweke kwenye mtungi wa maji, itakaa tu." Daktari akamuuliza: hilo limeandikwa wapi kwenye kipeperushi chenu? Halikuandikwa popote, na kila kipeperushi tunachobeba kinatakiwa kiwe kimepita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwanza. Baada ya siku ile yule daktari alikataa kuniona kwa muda mrefu sana, na nilimwelewa.

Kwenye gari ndipo Mama Kanda anafungua mdomo. "Habari ya friji ianze wewe, usingoje akuulize. Na umuulize anaona watoto wangapi wa masikio kwa wiki, maana tusiwe tunaota." Basi. Hakuna hotuba. Anatoa kalamu na kuandika kwenye fomu yake, na kwenye nafasi ya "matokeo ya ziara" naona ameandika: *dawa haifai kwa wagonjwa wengi wa kituo hiki, tusimpangie oda kubwa.* Fomu hiyo inakwenda ofisi ya taifa ikiwa na sahihi yake.

Saa 5:40, Kariakoo

Hapa ndipo siku inapochacha. Muuzaji wa jumla, mzee mmoja mtulivu mpaka anatisha, anatuelekeza nyuma ya kaunta bila kuinuka. Katoni zetu zimepangwa hadi karibu na feni. Anazigusa kwa fimbo.

"Kijana, hizi mlinijazia nyie. Zimebakiza miezi mitano kuisha muda. Bosi wako wa zamani alisema atazichukua. Yuko wapi?"

Ahadi ilikuwa ya simu. Haina karatasi. Dawa zikishapita tarehe huwezi kuzitupa jalalani: unaomba kibali TMDA, zinateketezwa kwa usimamizi, na gharama ni yako. Mzee anayajua haya kuliko mimi.

Nilitegemea Mama Kanda ageuke anitazame, kama mameneja wengi wanavyofanya mteja akikasirika: repu anakuwa ndiye kampuni kwa dakika hizo chache. Hakugeuka. "Mzee wangu, pole. Ahadi aliitoa mtu wetu, kwa hiyo ni ya kwetu," akasema, kisha akaomba kiti. Tukahesabu katoni, tukapiga picha namba za bechi na tarehe, akaandika karatasi mbili, moja ya mzee.

"Kredit noti, nipunguziwe deni la mzigo huu, nitapata?"

"Leo siwezi kukuahidi. Nitakujibu Ijumaa, hata kama jibu ni hapana."

Mzee akaitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Hakutoa oda. Wala hatukumwomba.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, pamoja na marepu wa kampuni nyingine wawili. Mama Kanda amekwenda kuswali. Marepu wakikutana bila mabosi mazungumzo ni yale yale. Mmoja meneja wake anataka ziara 12 kwa siku, zote ziingizwe kwenye programu ya simu inayoonyesha mahali ulipo. Basi anasimamisha pikipiki nje ya hospitali, anabonyeza, anaondoka. Ripoti zinang'aa. Daktari hajamwona tangu Ramadhani.

Tukagusa na ile habari ya GlaxoSmithKline, kampuni ya dawa ya Uingereza, ambao Desemba 2013 walitangaza kwamba wataacha kuwapimia marepu wao tageti za mauzo za mtu mmoja mmoja, wawapime kwa ujuzi na huduma. Miaka michache baadaye walianza kulegeza baadhi ya mabadiliko yale. Mwenzangu wa pikipiki anasema angefurahi hata wangemjaribia mwezi mmoja. Mimi sina hakika. Bila namba kabisa kuna watu wangelala nyumbani, nami nawajua kwa majina. Tatizo langu ni namba inayohesabu katoni zilizotoka ghalani kwetu, isiyojua kama zimefika kwa mgonjwa.

Saa 9:00 alasiri, Temeke

Famasia tatu, haraka haraka. Mbili syrup yetu imeisha tangu wiki iliyopita. Njiani tunapita duka la dawa muhimu, mwenye duka anatupungia aone kama tunaweza kumuuzia antibayotiki zetu. Maduka haya, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 ili vijijini kusikose dawa, yanaruhusiwa orodha fupi tu ya dawa za cheti, na yetu haimo. Mzee wa Namba alikuwa anasema "muuzie, risiti iandikwe famasia ya jirani". Mama Kanda anapunga mkono na kuendelea na safari.

Saa 10:50 jioni, barabara ya Mandela

Bosi wa nchi anapiga. Mama Kanda anaweka sauti ya nje, kwa makusudi nadhani.

"Kanda yako mnafunga ngapi?"

"Themanini na nne, bosi."

"Kariakoo hawawezi kuchukua chochote?"

"Wanaweza. Hawahitaji. Kuna mzigo wa mwaka jana kule unakaribia kuisha muda, nakutumia picha sasa hivi."

Kimya. Lori linapiga honi. Bosi anasema tutaongea Jumatatu, na kwa sauti ile si mazungumzo matamu. Sitawadanganya kwamba ukweli unalipa: bonasi ya mwezi huu kanda nzima tumeikosa, na nina ada ya shule. Hata Mama Kanda ana yake, madai ya mafuta anayakalia wiki nzima kabla ya kusaini, na ukichelewa kutuma ripoti anakupigia hadi saa nne usiku.

Saa 1:30 usiku, Kimara

Ripoti nimetuma. Anapiga, sio kuulizia ripoti. Amekaa na orodha ya leo: famasia mbili za Temeke hazina syrup, na mzee wa Kariakoo ana katoni zenye miezi mitano. Je, mzee atakubali kuwauzia wao moja kwa moja kwa bei yake ya jumla, ili mzigo upungue kabla hatujaanza kubishana juu ya kredit noti? Mauzo hayo hayataingia kwenye jedwali letu hata kidogo, kwa sababu ghalani kwetu hakuna kilichotoka.

Nampigia mzee. Anasema nije kesho saa mbili na nusu asubuhi, na nije na bajaji.