Nilivyopunguziwa bei ya nyumba

Nyumba ile niliipenda tangu nilipoingia sebuleni, na kazi ya kwanza ikawa kutolionyesha hilo mbele ya dalali. Alikuwa mkarimu kweli, lakini dalali wa muuzaji hulipwa asilimia ya bei. Kila nitakachokisema nilijua kitafika kwa mwenye nyumba.

Kabla ya kutaja bei nilitafuta nyumba za ukubwa ule zilizouzwa mtaani hapo ndani ya miezi 6. Nilitaka bei zilizolipwa, si zilizotangazwa. Nilizipata 4, na zote zilikwenda chini ya kile nilichoombwa mimi. Tukakaa na mke wangu, tukaandika kiwango chetu cha mwisho: asilimia 10 chini ya bei ya tangazo. Hapo hatuvuki, hata tukiikosa.

Kisha nikampeleka fundi. Alipanda darini akakuta mbao za paa zimeoza upande mmoja, na ukuta wa nyuma ulikuwa na unyevu chini ya rangi mpya. Nikamwomba makadirio ya matengenezo kwa maandishi.

Nilianzia asilimia 15 chini, nikaambatanisha makadirio yale. Sikugusia jikoni la kizamani wala bustani. Mtu amelea watoto wake mle; ukimdharaulia nyumba yake anaziba masikio. Paa bovu hata yeye alilijua. Hata hivyo alipunguza asilimia 3 tu.

Nikakaa kimya siku 4. Zilikuwa ngumu, maana kila simu ilipolia niliogopa nitaambiwa imeuzwa. Siku ya 5 nilimpigia dalali nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: "Mzee anauza kwa nini?" Kumbe alikwisha kununua nyumba nyingine, analipa mikopo miwili, na ile mpya ingekuwa tayari baada ya wiki kadhaa.

Mkopo wangu benki ilikwisha kuukubali kwa masharti. Nikaandika ofa mpya: asilimia 11 chini, malipo ndani ya siku 30, naye aendelee kukaa wiki 3 baada ya malipo bila kodi. Jioni ile ile akakubali.

Wiki aliyohama, fundi alipanda juu ya paa kabla hatujaingiza hata kitanda.