Askari watatu, amri tatu

"Tupa kisu!" "Lala chini!" "Usisogee!" Askari watatu uani, kila mmoja na amri yake. Hata mwenye akili timamu hawezi kuzitii zote, maana akilala amesogea. Sembuse mtu ambaye tayari anasikia sauti nyingine kichwani. Anachelewa kutii, na kuchelewa kwake kunahesabiwa ukaidi.

Huko Marekani somo hili, la polisi kumkabili mgonjwa wa akili, huanzia Memphis. Septemba 1987 polisi waliitwa kwa kijana wa miaka 27 aliyekuwa akijikata kwa kisu. Wakampiga risasi, akafa. Mwaka uliofuata mji ukaanzisha kikosi cha CIT (Crisis Intervention Team), askari wa kushughulikia wagonjwa wa akili: mafunzo ya saa 40, kwa askari wanaojitolea wenyewe. Watu husifu saa 40, mimi nasifu kujitolea. Aliyesukumwa darasani hutoka na cheti tu. Pia ikapatikana hospitali isiyomkataa mgonjwa aliyeletwa na polisi. Askari akikeshwa mapokezi, safari ijayo atampeleka mahabusu.

Askari wakifika kwa mgonjwa, wazime king'ora. Mmoja aongee, polepole, wengine wanyamaze. Wajikinge nyuma ya gari, na mgonjwa akisogea, warudi nyuma. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Marekani, alionyesha kuwa mwenye kisu humaliza futi 21 kwa sekunde moja na nusu hivi. Wengi waliigeuza hesabu hiyo kibali cha kufyatua. Mimi naisoma hivi: usisimame hapo.

Pingu nazo hazimalizi hatari. Mtu akilazwa kifudifudi na kugandamizwa mgongoni, kifua hakitanuki. "Si anaongea? Basi anapumua." Uongo: neno moja linataka hewa kidogo sana. Machi 2020, Rochester, New York, Daniel Prude, aliyekuwa amechanganyikiwa akili, alifungwa pingu akiwa uchi barabarani, akavishwa mfuko wa kuzuia mate, kichwa kikakandamizwa chini. Alifariki wiki moja baadaye; aliyeita msaada alikuwa kaka yake. Pingu zikishafunga, mlaze ubavu au mketishe papo hapo, na askari mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama pumzi.

Ndugu wa mgonjwa unayepigia polisi simu, taja ugonjwa kwanza, dawa ameacha lini, nini humtisha, na uombe askari wa CIT. Kisu usikifiche, ila sema kinafanya nini: yuko peke yake chumbani anajikata, au anamfukuza mtu? Usipofafanua, kwenye redio yote mawili yatafika kama "mtu mwenye kisu".