Usiagize bakuli la kila kitu

Soko la asubuhi la Hakodate, mji wa kusini mwa kisiwa cha Hokkaido huko Japani, liko ubavuni mwa stesheni ya treni. Hujamaliza kufunga zipu ya koti, umeshafika. Vibanda hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, miezi ya baridi kali saa kumi na mbili, na ikifika saa nane mchana watu wanafagia. Ndiyo maana kaisendon, yaani bakuli la wali lililofunikwa vyakula vibichi vya baharini, hapa huliwa kama chai ya asubuhi.

Nilikwenda Julai na shemeji, mdogo wake mume wangu, aliyekuja Japani kututembelea. Mume alikuwa kazini, mimi nikapewa mgeni, na mgeni ana masharti yake. Tukiwa bado ndani ya handaki la Seikan, lile la kilomita karibu 54 linalopita chini ya bahari kwenda Hokkaido, alikwisha kunitangazia: "Shemeji, mimi nitakula kilichopita motoni. Kibichi nakuachia wewe."

Nikamwambia sawa, hakuna atakayemlazimisha. Lakini moyoni nilikuwa nimeshalipanga bakuli langu tangu siku tuliyokata tiketi, kwa sababu kuhusu chakula hiki nina ugomvi na karibu kila mgeni ninayemwona akikila. Wanaagiza vibaya. Wanafungua menyu, wanaona picha ya bakuli lililojaa mpaka linamwagika: jodari, samoni, kamba watamu, mguu wa kaa, kombe waitwao hotate, uni, ikura, ngisi, na kipande cha yai tamu pembeni. Wanalinyooshea kidole hilo, kwa kuwa ndilo lenye rangi nyingi na ndilo litakalopendeza kwenye simu.

Sasa jiulize, vitu vyote hivyo vimevuliwa wapi asubuhi moja? Samoni wa rangi ya chungwa anayeliwa mbichi kwa kawaida ni wa kufugwa, na wengi wanatoka Norway au Chile. Jodari huenda amekaa kwenye barafu la kiwandani miezi kadhaa. Si vibaya, Wajapani wanajua kugandisha samaki kuliko mtu yeyote. Ila kipande cha jodari wa namna hiyo utakipata Tokyo, tena chini ya ofisi yako. Umesafiri mpaka Hakodate kukifuata cha nini?

Kanuni yangu ni vitu viwili, vikizidi vitatu, na viwe vya bahari ile ile na vya mwezi ule ule.

Kwa Julai maana yake ni uni na ngisi. Uni ni yule mdudu wa baharini mwenye miiba ambaye ukimkanyaga siku yako imeharibika. Kinacholiwa ni zile ndimi za rangi ya dhahabu zilizopangana ndani ya gamba, na ladha yake inategemea alichokula. Uni wa pande hizi hula kombu, mwani mnene ambao pwani ya Hakodate imeujengea jina, na ndiyo sababu utamu wake hauna ukali. Uni mwingi wa kwenye visanduku vya mbao hutiwa shabu ili ndimi zisiyeyuke njiani. Shabu inasaidia umbo, lakini huacha uchungu nyuma ya ulimi. Watu wengi wanaosema hawapendi uni wameonja shabu. Sokoni utaupata uliohifadhiwa kwenye maji ya bahari tu, au uliopasuliwa mbele yako, na hapo utaamua kwa haki kama unaupenda au la.

Ikura je? Ile shanga nyekundu ya mayai ya samoni ni nzuri, sibishi. Lakini samoni wa Hokkaido hurudi mitoni vuli, kuanzia Septemba. Ikura ya Julai ni ya mwaka uliopita, imetoka kwenye friza. Njoo Oktoba uile mpaka ushibe. Na kwa ndugu zangu Waislamu, jambo la kuuliza kabla ya kuagiza: ikura nyingi hulowekwa kwenye mchuzi wa soya uliochanganywa sake au mirin, na vyote viwili vina pombe. Uni na ngisi huja vitupu. Unachobaki kukiangalia ni kichupa cha soya mezani, maana soya nyingi za huku pia huwa na alkoholi kidogo. Mimi hutembea na yangu kwenye mkoba.

Basi tukaingia kwenye ujia wa Donburi Yokocho, ambako migahawa midogo imebanana na kila mmoja una kabati la kioo mbele, ndani mabakuli ya plastiki yaliyofinyangwa yakafanana na chakula kwelikweli. Shemeji alisimama kwenye moja akaliangalia muda mrefu, nadhani alikuwa anatafuta kasoro. Niliipita migahawa yenye picha ukuta mzima nikachagua wenye karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono. Ndani kulikuwa na kaunta, viti vya kuzunguka, meza chache, televisheni inayotangaza hali ya hewa, na zile kadi nyeupe za mraba ambazo watu maarufu wakija huweka sahihi zao. Mzee mmoja alikuwa anakula peke yake bila kuangalia simu wala menyu. Nikiona mzee wa namna hiyo huwa naketi.

Mama mwenye mgahawa alituletea chai ya moto na taulo za kufutia mikono kabla hatujasema neno. Nikaagiza bakuli la uni na ngisi. Kwenye karatasi, mahali pa bei ya uni pameandikwa jika, yaani bei ya siku. Hapo usione haya, uliza kwanza. Akanitajia yeni 4,200. Nikameza mate, nikasema naomba. Mabakuli mengine yalianzia kama yeni 1,500, kwa hiyo usidhani lazima uuze pete.

Shemeji aliagiza hokke ya kuchoma, na hapa lazima nimpe sifa zake. Hokke ni samaki mnono wa bahari za kaskazini. Hupasuliwa akafunguliwa kama kitabu, akaanikwa kidogo, halafu akachomwa mpaka mafuta yanachuruzika. Alikuja mkia na kichwa vimetokeza nje ya sahani, pembeni kilima cha figili nyeupe iliyokwaruzwa, wali, supu ya miso na kachumbari ya chumvi. Yeni 1,600. Mtu aliyeogopa soko zima alikuwa ameagiza vizuri kuliko wageni wote waliotuzunguka.

Kwenye meza ya nyuma vijana walikuwa wamemwagiza ngisi "anayecheza". Hakodate ni mji wa ngisi, amechorwa mpaka kwenye mifuniko ya mashimo ya maji taka, na kuna bakuli ambalo juu yake huwekwa ngisi aliyekatwa sasa hivi. Ukimwagia soya, miguu inajinyonganyonga. Vijana wakapiga kelele, simu juu.

"Shemeji," akaninong'oneza, "yule yuko hai?"

Hayuko hai. Ameshakufa, ila seli za misuli bado zina nguvu kidogo iliyobaki, na chumvi ya soya ikiingia huzishtua zikajikunja. Nilimweleza hivyo, hakuridhika, na kusema kweli hata mimi mchezo ule haunifurahishi. Zaidi ya hapo ngisi wenyewe wameadimika. Msimu wa ngisi wa huku huanza Juni, lakini miaka ya karibuni mavuno yameporomoka vibaya na bei imepanda. Mnyama adimu namna hiyo mwache aliwe kwa heshima.

Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi. "Na minyoo je?"

Ipo. Kuna mmoja anaitwa anisakisi, hukaa ndani ya samaki wengi wa bahari hizi, ngisi naye akiwemo, na akiingia tumboni akiwa hai atakukunja kwa maumivu. Siki haimuui. Wasabi, ile pilipili ya kijani ya Kijapani, haimuui. Wizara ya afya ya Japani inasema kinachomuua ni moto, au kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Ngisi ambaye hakugandishwa hukaguliwa kwa macho na kukatwa nyuzi nyembamba kama tambi. Inapunguza hatari, haiiondoi. Na samoni wa porini hapa hawakuwa wakimla mbichi hivi hivi. Samoni mbichi amezoeleka baada ya Wanorwe kuanza kuwauzia Wajapani samoni wao wa kufugwa miaka ya 1980.

"Kwa hiyo wenyewe pia walikuwa wanaogopa," akasema, akarudi kwenye hokke yake akiwa na amani kabisa.

Bakuli langu likaja. Nusu ya dhahabu, nusu nyeupe inayong'aa, jani moja la kiungo kiitwacho shiso katikati, kinundu cha wasabi pembeni. Wengi humwaga soya juu ya bakuli lote kama wanazima moto. Mimi hugusa wasabi kwenye kipande chenyewe, nadondoshea soya tone au mawili upande wa ngisi, na uni siuwekei chochote kwa vijiko vya mwanzo. Ngisi aliyevuliwa karibu hana ule mpira tunaoulalamikia. Anakatika kwa kishindo kidogo, kisha utamu unatoka kadiri unavyotafuna. Uni haukutafunwa. Ulikaa ulimini, ukaenea, ukaondoka, ukaniacha na chumvi ya bahari na kitu kama siagi.

Lakini nusu ya bakuli ni wali, na wali ndio unaosahauliwa kwenye picha zote. Mahali pengine huutia siki kama wa sushi. Hapa ulikuwa mweupe mtupu, wa uvuguvugu. Ukiwa wa moto ungeupika uni na kuuyeyusha, ukiwa baridi ungekuwa mgumu na mafuta ya uni yasingeingia. Nilimuuliza mama ni mchele gani, akasema Fukkurinko, unaolimwa huku huku kusini mwa Hokkaido. Punje kubwa, zinashikana bila kupondeka, na kila punje unaisikia.

Shemeji alionja wali wake akaviweka chini vijiti. "Huu umekuwa bokoboko."

Nikacheka mpaka mzee wa kaunta akageuka. Kwa mtu aliyelelewa kwenye wali wa nazi unaochambuka punje moja moja, mchele unaoshikana ni aibu ya mpishi. Nikamweleza kwamba usiposhikana hutaunyanyua kwa vijiti, na huyu samaki atakuwa amelalia changarawe. Akakubali nusu. Wali aliumaliza wote lakini, na akaomba kuongezewa. Siku hizi nyongeza inalipiwa pale, kibandiko kipya kiko ukutani, kwani mchele Japani umepanda ajabu. Mwaka 2025 mfuko wa kilo 5 ulivuka yeni 4,000 madukani, na watu wasiojua kulalamika walilalamika.

Mama alituletea kisahani cha hotate ambacho hatukuagiza, vipande vinne vya nyama nyeupe ya kombe, akaashiria kwamba ni vya mgeni. Hotate hufugwa kwenye ghuba ya Funka, si mbali na hapo. Ikawa kazi. Mtu mzima amepewa na mwenyeji, atakataaje? Shemeji akasoma bismillahi kwa sauti, akaweka kimoja mdomoni, akafumba macho kama anayemeza dawa. Akafumbua. Akachukua cha pili. Uni nilipomsogezea akanirudishia bakuli: "Huo baki nao, shemeji, una uso wa kitu kisichopikwa."

Kulipa ni mlangoni, taslimu, na bahashishi hakuna. Ukimwachia mtu chenji atakukimbiza mpaka stesheni. Kodi ya kula hapo hapo ni asilimia 10, ukibeba ni 8. Shemeji alipoambiwa hilo alitaka kujua kama angeweza kubeba hokke wengine, na dada wa duka la pili akamwonyesha maboksi yanayosafirishwa yakiwa kwenye baridi mpaka mlangoni kwako. Akachagua samaki sita. Akaniuliza kama Japani gharama ya mzigo inaweza kulipwa na anayeupokea. Inaweza. Akachukua kalamu, akaniomba nimsaidie kuandika jina na anwani ya kaka yake.