Siku moja maishani mwangu: sikio la stata

Saa 11 na nusu alfajiri

Julai ya Muscat haitaki mtu wa kujivuta. Nikishaswali natia chai ya rangi kwenye chupa, nafunga chapati mbili za jana, nateremka Wadi Kabir kabla jua halijapanda milima. Huku kwenye gereji tunakuita sanaiya, kama wenyeji wanavyosema. Kushoto kwetu ni muuza sikrabu, kulia ni fundi wa rejeta, katikati ni mimi na kijana wangu wa kazi. Ufundi nilijifunzia Unguja, kwenye Land Rover. Injini kubwa za Kimarekani nimezijulia hapa Oman, na nimezipenda.

Saa 12 na robo asubuhi

Injini imelala ubavu juu ya matairi mawili tangu jana jioni. Ni Chevrolet V8, ya silinda nane, ile ya 350, hesabu ya inchi zake za ujazo, yaani lita 5.7. Imetoka kwenye pikapu ya mwaka 1985. Kwenye Toyota nyingi nilizozishika stata, ile mota ya kuzungushia injini wakati wa kuwasha, hufungwa kwenye nyumba ya giaboksi, yaani kasha lake. Pakivunjika unatafuta nyumba nyengine na kazi imekwisha. Hii stata yake inafungwa kwenye bloki yenyewe, mwili wa injini, kwa chini, upande wa kulia nyuma, kwa bolti mbili zinazoingia kutoka chini kwenda juu. Sikio la nje la bloki, yaani kile kichomozo cha kufungia stata, limevunjika pamoja na tundu lake la bolti.

Kipande chenyewe kinaenea kiganjani. Nilikiosha kwa petroli nikakisogeza mlangoni kwenye mwanga. Nusu ya pale kilipokatikia ni nyeusi, imeingia mafuta na kutu. Nusu ya pili ni kijivu, ina chembe kama chumvi ya mawe, inametameta. Basi sikio hili halikuvunjika wiki iliyopita. Lilipata ufa zamani, likafanya kazi na ufa wake, na wiki iliyopita ile nusu nzima ndiyo iliyochoka.

Kisha nikaipima bolti. Ni ya milimita 10! Tundu lake la asili ni la inchi 3/8, nyuzi 16 kwa kila inchi. Inchi 3/8 ni milimita 9.5. Nyuzi za bolti ya milimita 10 zinapishana milimita 1.5, na za 3/8 zinapishana karibu 1.6, kwa hiyo zinadanganyana. Mtu akiwa na spana ndefu na haraka, bolti inaingia, lakini inaingia kama kabari kwenye kuni. Tena bolti za asili za stata hii zina shingo yenye michirizi, inayokaa sawasawa kwenye tundu la stata isipate kusogea. Hii iliyotiwa ni bolti ya dukani tu, shingo laini, na stata ilikuwa inacheza.

Kilichoniuma zaidi ni kitu ambacho hakipo. Kwenye mkia wa stata, mbali na flaiwili, lile gurudumu la meno linalozungushwa na stata, kiwanda kilitia kibano cha bati nene kinachoushikiza mkia huo kwenye bloki. Stata ya zamani ya aina hii ina uzito wa kilo 8 hivi. Ukitoa kibano, kilo zote hizo zinaning'inia kwenye masikio mawili, na kila mtikisiko wa barabara unayapinda. Kibano ni kigumu kukifikia wakati wa kufunga, kwa hiyo mafundi wengi hukiacha sakafuni. Nimeona injini nyingi za namna hii hapa, na zilizokuja na kibano chake nazihesabu kwa vidole.

Saa 1 asubuhi

Mwenye gari amekuja. Ni mzee aliyezaliwa Pemba, amekaa Oman umri wake wote wa utu uzima, na Kiswahili chake bado ni kile kile cha Wete.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mafundi wawili wameniambia ninunue bloki nyengine. Wewe wasemaje?"

"Ami, kwanza niambie. Asubuhi ukiwasha, stata ilikuwa ikizunguka vizuri?"

"Asubuhi vizuri. Ikishapata moto ndiyo matata. Inazunguka kidogo, inapiga *kwa!* kama mtu kaizuia kwa nguvu, halafu inaendelea."

Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, imetangulizwa mno, moto unawaka kabla pistoni haijafika juu, injini inarudisha teke kinyume na stata. Teke hilo lote linapokelewa na masikio. Bolti ilipasua, kibano hakipo, na teke likamalizia.

Nikamweleza njia tatu. Bloki ya sikrabu ipo hapo jirani, lakini hatujui silinda zake zimelika kiasi gani. Njia ya pili ni nyumba ya klachi ya mtindo wa zamani: bloki za mwanzo za ukoo wa Chevrolet V8 hii, za 1955, hazikuwa na masikio, stata ilifungwa kwenye nyumba ya klachi, na nyumba za namna ile zinaingia hata kwenye bloki za miaka ya baadaye. Kuipata hapa Muscat ni kazi. Ya tatu ni kulichomelea sikio lake mwenyewe, na mimi nilikuwa na kipande mkononi, hakijapotea hata chembe.

"Lichomelee," akasema, akavuta kiti.

Saa 2 mpaka saa 4

Kazi ya kuchomelea kasti ni usafi kwanza. Bloki ni kasti, chuma cha kusubu, na kaboni yake ni asilimia 3 hivi, wakati chuma cha geti hakifiki hata 0.3. Ukikichoma kwa rodi ya kawaida, pembeni ya weldi panakuwa pagumu kama kioo, na kikipoa panapasuka hapo hapo. Kwa hiyo rodi zangu ni za nikeli. Ni ghali, naziweka kwenye kopo lenye kifuniko zisipate unyevu.

Kasti pia inakunywa mafuta. Tulipasha pale palipovunjika kwa moto mdogo wa gesi mpaka mafuta yakatoka yakifuka, tukapangusa, tukapasha tena. Mara ya tatu kitambaa kilitoka kikavu. Nikapuliza dawa nyekundu ya kutafutia ufa, nikaipangusa, nikapuliza ile nyeupe. Mstari mwekundu mwembamba kama unywele ukajitokeza, unaingia kwenye bloki sentimita moja zaidi ya nilivyodhani. Nikatoboa tundu dogo la milimita 3 mwisho wake, ili ufa usiendelee mbele. Halafu grainda: mfereji wa umbo la V kila upande, huku nikibakisha katikati ukingo mdogo usiosagwa, ili kipande kijue pa kurudi.

Kukiweka sawa ndiyo roho ya kazi yote. Kwa muuza sikrabu nilipata pua ya stata iliyokufa, ile sehemu yenye matundu mawili ya bolti. Nikaifunga kwa nguvu kwenye tundu zima la ndani, nikakining'iniza kipande kwenye tundu la nje. Pua ile ikawa kalibu yangu. Kipande kikipinda hata nusu milimita, pinioni, ile gia ndogo ya stata, haitashikana vizuri na flaiwili.

Saa 4 na nusu

Weldi ya sentimita 2, basi. Nazima, nagonga weldi kwa nyundo ya kichwa cha mviringo ikingali nyekundu, ili itanuke badala ya kuvuta. Kisha nangoja mpaka naweza kuweka kiganja nikakiacha. Haya ndiyo masharti ya kuchomelea kasti bila kuipasha bloki nzima, na bloki nzima sikuweza kuipasha, kwa sababu krankshafti na sili ya nyuma bado zimo ndani.

Shida ni kwamba kivulini ilikuwa digrii 43. Chuma hakipoi. Kila sentimita 2 ilitaka dakika kumi. Weldi ya nne nikaiachia ikaenda sentimita 4, na nilipovua barakoa nikasikia *tik*. Sauti ndogo sana. Kijana wangu hakuisikia, Ami aliisikia. Aliniangalia, hakusema kitu.

Nikasaga weldi ile yote mpaka chini, nikapuliza dawa, nikauona ufa, nikaufuata mpaka mwisho. Nikaanza upya, sentimita 2, sentimita 2.

Saa 6 na nusu mchana

Kuanzia Juni mpaka Agosti, sheria ya Oman inakataza kazi za juani kati ya saa 6:30 na saa 9:30. Sisi tuna paa, lakini tunasimama pia. Nilikuwa nimemaliza weldi ya mwisho. Nikalifunika sikio kwa blanketi la kuzuia moto, lipoe taratibu lenyewe. Tukala wali na samaki, nikalala juu ya boksi.

Saa 10 alasiri

Dawa nyekundu, dawa nyeupe. Safi.

Nikapiga tupa uso wa sikio, nikipima kwa rula ya chuma na fila, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, mpaka fila nyembamba kabisa ikakataa kupita. Tundu liliharibiwa na ile bolti ya milimita 10, kwa hiyo nikalitoboa, nikalipiga tapu ya kukata nyuzi, nikatia kikoili cha waya usioshika kutu chenye nyuzi za 3/8 ndani. Bolti mpya ni zile zenye shingo ya michirizi. Ya kwanza ikaingia kwa vidole mpaka mwisho.

Saa 11 na nusu jioni

Kibano sikukipata kokote, nikakitengeneza. Bati la milimita 4, nimelipinda kwenye jiliwa mara mbili, tundu moja la bloki na moja la mkia wa stata. Tundu la pili nimelifanya refu kidogo, ili kibano kifuate stata na si stata ifuate kibano. Kikilazimishwa kinaivuta pembeni na masikio yanarudi kuumia.

Saa 1 usiku

Tumeisimamisha injini kwenye winchi, flaiwili imerudi, ile kubwa ya meno 168. Nikakaza bolti kwa Nm 45 (nyutoni-mita), kibano nikakikaza mwisho. Nikavuta pinioni kwa mkono mpaka kwenye meno, nikapitisha waya wa klipu ya karatasi kati ya ncha ya jino na bonde lake. Umepita ukigusa kidogo, kama inavyotakiwa. Bila bati la kusawazishia hata moja.

Plagi zote nje, mafuta ndani, nyaya za betri. Mara kumi, injini ikazunguka bila mkwaruzo. Plagi ndani, mara tano tena kwenye mgandamizo. Nikashika sikio kwa vidole vitatu wakati kijana anagusisha waya, halikutikisika.

Ami aliomba ile bolti ya milimita 10, akaitia mfukoni mwa kanzu. Nikamwambia gari hatalichukua kesho asubuhi. Kesho injini inaingia, na kabla sijaiwasha narudisha taimingi nyuma, naanzia digrii 8.

"Jioni?" akauliza.

"Jioni, Ami. Baada ya magharibi."