Leseni ya Gari Haikuniokoa Nikiwa Juu ya Pikipiki

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nilibeba abiria hapa Nairobi nikiamini nina leseni. Kadi ilikuwa mfukoni, picha yangu, tarehe haijapita. Lakini ilikuwa ya daraja B, ya gari dogo, niliyoipata enzi nikitafuta kazi ya udereva. Nilipochukua pikipiki kwa mkopo, nilimwuliza mzee mmoja wa steji kama itanibidi nirudi shule. Akanijibu, "Leseni ni leseni. Ukisimamishwa, onyesha. Wakisumbua, toa mia mbili uende ukatafute." Mzee huyo ndiye aliyenionyesha kazi na bado namheshimu, ila ushauri huo uliniumiza, na kila wiki nausikia ukipewa kijana mwingine aliyenunua riflekta jana.

Nilishikwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Thika Road, nikikaribia Roysambu. Nilikuwa nimembeba mama mmoja anayewahi zamu ya usiku. Afande aliyenisimamisha alikuwa mwanamke mpole, hakunipigia kelele. Nikamtolea kadi bila wasiwasi. Akaigeuza, akasoma nyuma.

"Hii ni B, kijana. Pikipiki ni A. Ya pikipiki iko wapi?"

"Afande, si ni hiyo hiyo?"

"Siyo. Kwa chombo hiki, huna leseni."

Yule mama alishuka akatafuta boda nyingine, nami nikamrudishia nauli yake. Mia mbili sikuitoa. Kutoa hongo ni kosa la pili, tena kubwa kuliko la kwanza, na sikutaka kurundika kosa juu ya kosa.

Sasa, kushikwa Ijumaa jioni si sawa na kushikwa Jumanne asubuhi, na hili watu wa steji hawalisemi. Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia wakati korti zimefungwa, unasubiri siku inayofuata ya kazi. Yaani Jumatatu. Usiku wa Ijumaa nililala seli, viatu nikivifanya mto. Jumamosi asubuhi Mama Neema alikuja na elfu tano alizokopa kwenye chama chao, nikaachiliwa kwa dhamana. Mtu wako akienda kukulipia, adai risiti. Hizo si pesa za kupotea, zinarudishwa kesi ikiisha, ila bila karatasi hiyo utazidai wapi?

Mimi nilitoka, pikipiki ikabaki uani mwa kituo cha polisi. Ilikaa siku tisa. Mkopo wangu nalipa kila siku, mia nne na kitu, na siku hizo tisa hakuna aliyenisamehe hata moja. Ukiongeza pesa ambazo ningeingiza barabarani, hasara hiyo iliipita faini yenyewe.

Kortini tulijaa benchi mbili, karibu wote watu wa boda. Mmoja hakuwa na helmeti, mwingine alibeba abiria wawili. Aliyekaa kando yangu alikuwa na leseni ya pikipiki kabisa, ila alisahau kuilipia upya. Kwenye orodha ya makosa madogo ya barabarani iliyotolewa mwaka 2016, kosa lake ni shilingi 1,000. Langu, kuendesha chombo ambacho leseni yangu haikiruhusu, ni 7,000. Nilikubali kosa, nikatozwa hiyo 7,000.

Kilichoninyima usingizi kwa kweli kilikuja baadaye, nilipokwenda kulipia bima ya mwezi. Nilimsimulia wakala yaliyonipata. Akaniuliza polepole, "Na huo mwaka wote, ungemgonga mtu?" Akanifungulia karatasi ya bima, akaniwekea kidole kwenye mstari unaosema mwendeshaji awe na leseni ya chombo hicho. Akaniambia kampuni ingeweza kukataa kulipa, au imlipe aliyeumia kisha inigeukie mimi nirudishe kila senti. Nilikuwa nikilipa bima mwezi baada ya mwezi, na kila siku nabeba watoto wa shule, wamama wenye mimba, wazee wanaokwenda kliniki. Wote hao nilikuwa nimewabeba mikono mitupu. Siku hiyo sikufanya kazi tena, nilirudi nyumbani.

Wiki iliyofuata nikajiandikisha shule ya udereva. Daraja A lina ngazi zake: A1 ni vile vidogo visivyozidi cc 50, A2 ni pikipiki ya kawaida, A3 ni ya wanaofanya biashara ya kubeba abiria na mizigo, pamoja na tuktuk. Ukiwa mtu wa boda, omba A3, usiombe A2 kisha ukashangazwa tena barabarani. Shule ilinila elfu sita hivi, na ada za mtihani elfu moja na ushee. Maombi ya NTSA, ile mamlaka ya serikali inayotoa leseni, unayafanya mwenyewe kwa simu, usimpe mtu wa kando pesa zako.

Kuendesha nilidhani najua. Mwalimu aliniweka uwanjani nichore namba nane polepole bila kugusa mguu chini, na mara tatu za kwanza niligusa. "Unatazama gurudumu. Tazama unakokwenda." Nikainua macho, pikipiki ikafuata. Alinifundisha pia kwamba breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa nguvu zaidi, na zote mbili zishikwe pamoja, taratibu. Miezi kumi na sita nilikuwa nikikanyaga ya nyuma peke yake na mtu nyuma yangu.

Mtihani wa kwanza nilianguka, na si pikipiki iliyoniangusha, ni ubao. Anayeujua ubao wa mji wa mfano anaelewa: barabara zimechorwa, raundabauti, njia za upande mmoja, na unapewa kigari. "Toka hapa, kaegeshe pale." Nilikisukuma kama ninavyopita mitaani, njia ya mkato, nikaingia barabara ya upande mmoja kinyume. Mtahini akaandika, akasema asante.

Nikarudi nyumbani nikapasua gunia la mahindi, nikalitandaza, nikauchora ule ubao wote kwa rangi iliyobaki ya mlango. Vizibo vya soda vikawa magari. Neema, ana miaka tisa, akawa mtahini. Kila usiku baada ya chakula aliniamuru, nami sharti langu lilikuwa moja: kizibo kisisogee kabla sijatamka kwa sauti ninachofanya. "Naangalia nyuma. Natoa indiketa ya kulia. Naingia leni ya kulia, nangoja walio ndani ya raundabauti, nazunguka. Nikipita njia ya pili naweka indiketa ya kushoto, natoka ya tatu." Nikinyamaza hata kidogo, Neema anakirudisha kizibo mwanzo. Wiki tatu tulifanya hivyo. Ikafika mahali yeye mwenyewe, tukiwa ndani ya matatu, ananinong'oneza kwamba dereva hajatoa indiketa.

Mara ya pili mtahini alinipa raundabauti ile ile na kutoka kwa tatu. Nilianza kutamka. Nilipofika nusu akainua mkono, akasema, "Inatosha. Nenda kwa pikipiki." Namba nane niliichora mara moja, miguu juu.

Machi 2022, baada ya mwanamke mwenye gari kudhulumiwa na watu wa boda kwenye Barabara ya Wangari Maathai, msako ulitupitia sote, wenye hatia na wasio na hatia. Tangu hapo kuna abiria wanaouliza, "Una leseni kweli?" kabla ya kupanda. Zamani swali hilo nilikuwa nalikwepa. Sasa natoa kadi, naigeuza upande wa nyuma, nawaonyesha pale palipoandikwa A3.

Gunia bado lipo. Wiki hii liko kwa kijana mmoja wa steji yetu anayefanya mtihani Alhamisi, na Neema amemtumia vizibo sita.