Uzi wa Milimita Kumi

Mchoro wenyewe ulikuwa mdogo: upana sentimita 12, kimo sentimita 9, penseli laini ya 2B kwenye daftari la michoro. Mikono miwili inatunga uzi kwenye sindano. Niliuchora kwa dakika chache nikafunua ukurasa mwingine. Tulikuwa mwaka wa pili wa masomo ya sanaa pale mwalimu alipotutaka kila mmoja achague mchoro mmoja mdogo kutoka daftarini mwake, aukuze mara 20 kwa mkaa, kisha aupunguze hadi uingie ndani ya kiberiti. Tulipewa siku tano, na sharti moja juu yake: kila jioni, kabla hujaenda kutazama kazi ya mwenzako, uandike ukurasa mmoja. Leo umefanya nini, vifaa vimefanya nini, na kesho utabadili nini. Sharti hilo lilituchosha kuliko mkaa wenyewe, lakini vipimo vyote ninavyovitaja hapa nimevitoa katika kurasa zile tano.

Mara 20 maana yake sentimita 240 kwa 180. Karatasi yetu ya bunda, ile inayokuja imeviringishwa, ilikuwa na upana wa mita moja, kwa hiyo ilibidi kuunganisha vipande viwili vya kulala, kimoja juu ya kingine. Hapo kuna uamuzi ambao mwanafunzi huufanya bila kufikiri: kiungo kipite wapi? Nilikipitisha chini kidogo ya katikati, mahali penye mgongo wa mkono wa kushoto, kwa sababu pale palikuwa na kivuli kizito. Kiungo kikipita kwenye ncha za vidole, jicho litakiona kabla ya kuona vidole. Nilibandika kwa utepe wa karatasi upande wa nyuma. Waliotumia gundi ya majimaji waliamka na mikunjo, kwa kuwa karatasi ikilowa hutanuka na ikikauka hujivuta, na sehemu iliyopakwa gundi haivutiki sawa na sehemu kavu.

Utepe nao haukuniokoa kabisa. Nyuzi za karatasi ya bunda kwa kawaida hulala kufuata urefu wa bunda, na unyevu wa hewa huzinenepesha zaidi ya kuzirefusha. Vipande vyangu vilikuwa vimelala, kwa hiyo usiku wenye unyevu vilitanuka kwenda juu na chini, vikasukumana kwenye kiungo. Asubuhi ya pili palikuwa na tumbo lililojitokeza kama kidole kizima. Dawa yake ilikuwa kung'oa pini zote za chini na kuiacha karatasi ining'inie kutoka juu tu, ipumue. Tangu siku hiyo sijabana karatasi kubwa pande zote nne.

Kisha miraba. Njia hii ni ya kale sana. Wachoraji wa Misri ya kale walimpima mtu aliyesimama kwa miraba 18, kutoka kwenye nyayo hadi mahali nywele zinapoanzia. Mchoraji wa Marekani Chuck Close aliitumia kukuza picha yake mwenyewe katika mwaka 1967 na 1968, hadi ikafika sentimita 273 kwa 212. Mimi nilichora miraba ya sentimita 1 kwenye plastiki angavu, nikailaza juu ya mchoro ili nisiuharibu: 12 kwa 9, jumla 108. Ukutani kila mraba ukawa wa sentimita 20. Herufi A hadi L kwa upana, namba 1 hadi 9 kwenda chini, sawa kwenye plastiki na kwenye karatasi kubwa. Palipokuwa na mambo mengi, yaani ncha za vidole na tundu la sindano, niligawa kila mraba mara nne.

Kosa la kwanza lilitokea kabla sijachora hata kidole. Nilikuwa na rula ya sentimita 30, nikawa napima mraba wa pili kutoka ukingo wa mraba wa kwanza, wa tatu kutoka wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila hatua niliteleza milimita moja na nusu hivi. Hilo huwezi kuliona. Lakini mara 12 linafika milimita 18, na mstari wa mwisho wa kulia ulikuwa umepita ukingo wa karatasi kwa kiasi hicho hicho. Kinachotakiwa ni futi ya utepe iliyobanwa kwenye sifuri, kisha unatia alama zote kwa mkupuo: 20, 40, 60, hadi 240, bila kuinua utepe. Baada ya hapo pima ulalo, yaani kutoka pembe hadi pembe inayoielekea. Upana wa 240 na kimo cha 180 hutoa ulalo wa 300 kamili, na wa pili lazima uwe 300 vilevile. Zikitofautiana, pembe zako hazijasimama, na hakuna ufundi wa kuchora utakaorekebisha hilo. Mistari ya kusimama tuliisimamisha kwa timazi, ya kulala kwa pimamaji.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Mistari ya miraba niliichora kwa penseli ngumu, nikidhani itafifia. Penseli ngumu ikikandamizwa huacha mfereji kwenye karatasi. Mkaa unapopita hauingii mferejini, unaruka. Kadiri nilivyotia kivuli ndivyo mistari myeupe ilivyotokea kama kimia juu ya mikono yote miwili, na kifutio hakisaidii kitu, maana hapo hapana kilichoandikwa cha kufuta. Nilianza upya na karatasi nyingine. Safari hii nilipaka unga wa mkaa kwenye uzi wa pamba, mwenzangu akashika upande mmoja, tukauvuta ukakaza, tukauachia upige karatasi mara moja. Mstari mwembamba, umenyooka, na unafutika kwa kupepewa na kitambaa.

Siku ya kuchora yenyewe mwili ndio uliogoma. Mchoro wa daftarini ulitoka kwenye kifundo cha mkono. Ukutani kifundo hakifiki popote. Mstari wa sentimita 80 unatoka begani, na bega ni kama bikari: ukisimama mahali pamoja, kila mstari ulionyooka utapinda kufuata duara la mkono wako. Vidole vyangu vyote vilipinda upande mmoja, kama ndizi. Lazima utembee na mstari. Miguu iende, mkono utulie. Ilisaidia pia kufunga kipande cha mkaa kwenye ncha ya fimbo ya mita moja. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alifanya hivyo alipochora michoro yake ya ukutani, akiwa na fimbo ndefu ya mwanzi, na ukijaribu unaelewa mara moja: fimbo inakusukuma nyuma, unaona umbo zima huku bado unachora. Unapoteza umakini wa ncha, lakini mistari ya awali haihitaji umakini wa ncha.

Umbali nao una hesabu yake. Daftari nilikuwa nalitazama kwa sentimita 30 hivi. Mara 20 ya hiyo ni mita 6, na chumba chetu hakikufika mita 6. Tulisimamisha kioo kwenye ukuta wa upande wa pili. Ukiwa karibu na karatasi yako, ukageuka ukatazama kioo kilicho mita 4 mbele yako, unaiona kazi kana kwamba iko mita 8. Tena imegeuzwa kushoto kulia, na kosa ulilokwisha kulizoea linakurukia. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji kufanya hivyo. Kidole gumba changu kilikuwa kimenenepa chini na kusinyaa juu, kwa sababu sehemu ya juu nilikuwa naichora nimeinua uso na kuitazama kwa mshazari.

Mambo ya mpangilio nitayapitia haraka: anza juu ushuke, maana vumbi la mkaa huanguka, tumia vijiti laini mwanzoni, na mkaa ulioshindiliwa mwishoni tu, kwa sababu haufutiki ukaisha, dawa ya kukamata mkaa ipulizwe umbali wa sentimita 30, mahali penye hewa, tabaka nyembamba mbili badala ya moja nene, na utegemee vivuli vizidi kuwa vyeusi kidogo.

Uzi ndio ulionisimamisha siku nzima ya tatu.

Daftarini uzi ulikuwa mstari mmoja wa penseli, unene wa nusu milimita. Mara 20, milimita 10. Niliuchora hivyo, kwa uaminifu, nikarudi nyuma. Palikuwa na kamba. Sindano yenye urefu wa sentimita 40 ilikuwa inatungwa kamba ya kufungia mzigo. Mwalimu alikuja akasimama pembeni, akatazama daftari, kisha ukuta, kisha daftari tena.

"Hicho ulichokikuza ni uzi au ni penseli?"

Sikuwa na la kujibu papo hapo. Nilikwenda kuazima sindano, uzi na lenzi ya mkono. Mikono ya daftarini ilikuwa nusu ya ukubwa wa mikono ya kweli, kwa hiyo ukutani ilikuwa mara 10 ya mikono ya kweli, wala si 20. Uzi wa kweli ulikuwa na unene wa milimita 0.3 hivi. Ukutani ulistahili milimita 3. Milimita 7 zilizozidi hazikuwa uzi hata kidogo. Zilikuwa unene wa ncha ya 2B. Kwa lenzi niliona pia kitu ambacho mchoro mdogo haukuwahi kukijua: uzi ule ulikuwa nyuzi mbili zilizosokotwa, na ncha yake iliyolowa mate ilikuwa imelala bapa, na unyoya mmoja umetoka nje ya tundu. Tundu lenyewe daftarini lilikuwa pengo jeupe tu. Pale ukutani lilihitaji kingo, unene, na mng'ao upande mmoja.

Basi jioni ile niliandika kwamba mchoro mdogo una maarifa ya umbali wake tu. Ukiukuza mara 20 hupati maarifa mara 20. Unapata mashimo mara 20, na kila shimo linakurudisha kwenye kitu chenyewe. Nilipochora uzi wa milimita 3 kwa mkaa, na msokoto wake, ukawa sahihi kwa karibu na ukapotea kwenye kioo. Suluhisho lilikuwa kuugeuza: nilibandika utepe mwembamba wa milimita 5 kwa mpindo wa uzi, nikatia giza zito pande zote mbili, nikaubandua. Mstari mweupe katikati ya giza huonekana mnene kuliko ulivyo, kwa hiyo milimita 5 zilitosha. Utepe huo ukandamizwe kingo kwa ukucha, la sivyo vumbi litaingia chini yake, na ubanduliwe siku hiyohiyo, kwa kuuvuta ukiwa umelala. Ukiulaza usiku kucha utaondoka na ngozi ya karatasi.

Mwenzetu mmoja, mfinyanzi, alikuwa na ndege wa udongo mwenye kimo cha sentimita 12. Yeye aliruhusiwa mara 5 tu, na hata hizo zilimshinda: alimjenga wa sentimita 60 kwa uwiano uleule, na asubuhi miguu ilikuwa imejikunja. Ukikuza mara 5, ukatizo wa mguu, yaani eneo la mguu ukiukata kwa kukingama, unaongezeka mara 25 lakini uzito unaongezeka mara 125, kwa hiyo kila sehemu ya mguu inabeba mara 5 ya ilichobeba mwanzoni. Mwanasayansi Galileo alilieleza hili mwaka 1638 kwa mfano wa mifupa ya wanyama wakubwa. Mfinyanzi wetu alinenepesha miguu, akakomba tumbo la ndege hadi ukuta wa sentimita moja na nusu, jambo ambalo lingehitajika hata hivyo, kwa kuwa udongo mnene huficha maji ndani na mvuke wake huupasua tanuruni. Ndege wa pili alisimama, lakini alikuwa ndege wa aina nyingine, mzito, wa nchi kavu. Nilimpenda kuliko yule mdogo.

Siku ya tano ilikuwa ya kiberiti. Theluthi ya mchoro wa daftari: sentimita 4 kwa 3. Miraba haifai tena, kwa sababu mistari yake inakula nafasi ya picha. Nilifanya kwa kufumba macho nusu na kutafuta vivuli vitatu tu: giza, kati, nyeupe. Penseli ngumu ya 4H iliyochongwa kwenye msasa kila baada ya dakika moja, na karatasi laini kabisa, maana karatasi yenye chembe chembe ina mashimo makubwa kama ukucha uliokuwa nauchora. Vipande vitano vya kwanza vilijaa. Kwenye cha sita niliacha mikunjo ya vidole. Kwenye cha nane niliacha kucha. Mchongaji wa Uswisi Alberto Giacometti, miaka ya Vita Kuu ya Pili, alifikisha sanamu zake kwenye kimo cha sentimita chache tu. Nilikuwa nikidhani ni suala la subira, kumbe kila hatua ya kupungua ni swali la nini kiondoke.

Uzi haukuweza kuondoka. Bila uzi, mikono ile inabana hewa. Lakini kwa kipimo kile ulistahili sehemu ndogo sana ya milimita, na hakuna penseli wala kifutio cha kufika huko. Hapo ndipo nilipokumbuka kimia cha siku ya kwanza. Nililaza kipande cha tisa juu ya karatasi mbili laini, nikachukua sindano ileile niliyoazima, nikasugua ncha yake kwenye msasa hadi ikawa butu kiasi cha kutokata, nikauchora uzi bila rangi yoyote, mfereji mtupu. Kisha nikalaza penseli ubavu na kutia kivuli taratibu juu yake. Grafiti iliruka mfereji, na uzi ukatokea mweupe, umepinda, ukaingia kwenye tundu.